Outlook, Excel na Word zikisumbua ofisini, usikimbilie kupiga Windows: uzi wa kusaidiana

#1 FundiMezani (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni wa makarani, wahasibu, makatibu muhtasi, walimu wakuu na yeyote anayeshinda mbele ya kompyuta ya ofisi bila kuwa na kitengo cha TEHAMA cha kumkimbilia. Ofisi nyingi za kwetu ziko hivyo: mashine chache, intaneti ya kugawana, na namba ya fundi imebandikwa ukutani. Outlook ikigoma, fundi anaitwa, anaangalia kidogo, anasema hii inataka kupigwa Windows, yaani kufutwa na kuwekewa Windows upya. Jioni mashine inarudi nyepesi kabisa, na barua pepe za miaka yote hazipo.

Hili linaniuma kwa sababu mara nyingi tatizo halikuwa kwenye Windows hata kidogo. Lilikuwa kwenye akaunti, au kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayopokea na kutunza barua), au kwenye saa ya kompyuta. Mtu amepoteza kumbukumbu za kazi kwa ajili ya tiba ya ugonjwa asiokuwa nao. Kwa hiyo msimamo wangu kwenye uzi huu ni mmoja, na nitaurudia kila nitakapoulizwa: jua kwanza tatizo limekaa wapi, na usiguse chochote kabla hujanakili mafaili.

Tuanze na barua pepe maana ndiko kilio kikubwa.

Outlook ikiacha kupokea au kutuma, usiifungue mipangilio yake. Fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti ileile kupitia tovuti. Kama barua zinaingia na kutoka vizuri kule, basi akaunti na seva ni wazima, shida iko kwenye mashine yako. Kama na kule hazipo, hata upige Windows mara ngapi hakutabadilika kitu. Ongea na anayewahudumia barua pepe. Na kama kule tovuti inakukatalia neno la siri, basi umeshajua cha kutengeneza ni kipi. Jaribio hili halichukui muda, na linaokoa siku nzima.

Ukiwa kwenye tovuti hapo hapo, angalia nafasi. Gmail ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha. Mtu anasema barua haziingii, kumbe simu yake imejaza picha. Kwa zile akaunti za jina la kampuni zinazokaa kwa watoa huduma wa tovuti, nafasi huwa ndogo zaidi, na ikijaa anayekuandikia ndiye anayerudishiwa ujumbe wa kukataliwa. Wewe huoni chochote, unadhani dunia imekusahau.

Sasa hapa ndipo penye mauti, someni polepole.

Akaunti ikiwekwa kwa mfumo wa IMAP, au ikiwa ni ya Microsoft 365, barua zinakaa kwenye seva na Outlook inatunza nakala tu, kwenye faili lenye mwisho wa .ost (kwa IMAP, tangu Outlook 2013). Faili hilo likiharibika, funga Outlook, libadilishe jina, fungua tena, nalo litajijenga upya kutoka kwenye seva. Angalia tu kwanza kama kuna folda zilizoandikwa "This computer only", kwa sababu zile hazina nakala kule juu.

Akaunti ikiwekwa kwa POP, mambo ni tofauti kabisa. Barua zinashushwa na kukaa kwenye faili la .pst ndani ya kompyuta yako, na Outlook kwa kawaida yake huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 tu, kisha inazifuta. Maana yake barua ya mwaka jana ipo mahali pamoja tu duniani: kwenye diski ya mashine hiyo. Fundi akipiga Windows bila kuligusa faili hilo, imekwisha. Akaunti nyingi za info@ na accounts@ kwenye ofisi ndogo ziliwekwa kwa POP zamani na hakuna anayekumbuka.

Kujua yako ni ipi: File, kisha Account Settings, kisha Account Settings tena. Kwenye jedwali, safu ya "Type" itakuambia POP, IMAP au Exchange. Bofya "Data Files" hapo juu uone njia kamili ya faili. Funga Outlook, nenda kwenye folda hiyo, nakili faili la .pst kwenye diski ya nje. Fanya leo, hata kama hakuna kilichoharibika. Msiliweke faili hilo kwenye folda ya mtandao wa ofisi au OneDrive likiwa linatumika, maana Outlook inaliandika muda wote na huko ndiko linakoharibikia. Nakala iliyofungwa ndiyo inayokaa popote.

Kama .pst limeharibika na Outlook inakataa kulifungua, kuna kifaa kinachokuja na Office yenyewe, SCANPST.EXE. Kiko ndani ya folda ya Office (kwa matoleo ya 2016 na kuendelea tafuta Office16). Kielekeze kwenye faili lako, achia alama ya kutengeneza nakala ibaki, kisha bofya Repair. Mara nyingine inabidi kukirudia mpaka kiseme hakuna makosa. Mwenye Outlook ya zamani sana, kumbukeni faili za .pst za muundo wa kabla ya 2003 zinagoma zikifika GB 2. Muundo uliokuja na Outlook 2003 ulifika GB 20, na tangu Outlook 2010 kikomo cha kawaida ni GB 50. Usisubiri lifike huko. Likizidi uzito, fungua .pst jingine la kila mwaka na uhamishie barua za zamani.

Jambo jingine linalodanganya mafundi wengi ni saa. Kompyuta za mezani zikizeeka, ile betri ndogo ya duara kwenye ubao wake (CR2032, ipo hata maduka ya saa) inakufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka mingi. Ukiwasha, Outlook inalalamika kuhusu cheti cha usalama cha seva, Gmail haifunguki, tovuti nyingi zinasema si salama. Vyeti hivyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko mwaka 2012, kila cheti kinaonekana hakijazaliwa. Rekebisha tarehe, kila kitu kinarudi. Badilisha betri ili kisirudie.

Kuhusu neno la siri linaloulizwa tena na tena hata ukiliandika sawasawa: kama ni Gmail ya mtu binafsi, Google ilifunga mlango wa programu zinazoingia kwa neno la siri peke yake tarehe 30 Mei 2022. Ukiwa na Outlook mpya kiasi, itakufungulia dirisha la Google uingie humo. Ukiwa na ya zamani, washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri la programu lenye herufi 16, na hilo ndilo unaloweka Outlook. Microsoft nao walianza kuzima njia ya kale kwenye Exchange Online (seva ya barua ya Microsoft 365) tangu tarehe 1 Oktoba 2022, kwa hiyo Outlook 2010 kuunganishwa na Microsoft 365 ni kujitesa. Kama si hayo, fungua Control Panel, Credential Manager, futa kumbukumbu za zamani za akaunti hiyo, halafu ingia upya.

Karibuni na maswali. Semeni toleo la programu, aina ya akaunti, na ujumbe wa kosa kama ulivyo kwenye kioo.

#2 KaraniMwanza

Mkuu umeeleza vizuri sana. Sisi ofisini tuna info@ moja, mimi ninayo kwenye mashine yangu na mwenzangu wa mapokezi anayo kwake. Kuna barua anaziona yeye mimi sizioni, na nyingine naziona mimi yeye hana. Wateja wanasema tumewadharau. Fundi ameshabadilisha Office mara kadhaa. Outlook 2016.

#3 FundiMezani

Ndugu Karani, hiyo ni POP kwenye mashine mbili, karibu nina uhakika. Mmoja wenu ameondolewa alama kwenye "Leave a copy of messages on the server". Mashine yake ikiwahi kuamka inashusha barua na kuzifuta kwenye seva, mwingine akifika anakuta pakavu. Office haina kosa.

Fanyeni hivi. Kwanza kila mmoja anakili .pst yake. Kisha kwenye mashine zote mbili wekeni akaunti upya kwa IMAP: kupokea mlango (port) 993 wenye SSL, kutuma mlango 587 wenye STARTTLS, au 465 wenye SSL kama mtoa huduma wenu anataka huo. Msitumie 25 kutuma, makampuni mengi ya intaneti yanauzuia kwa sababu ya barua taka. Akaunti ya POP msiifute kabla barua mpya hazijaanza kuonekana kwenye IMAP pande zote.

Halafu barua za zamani: mkiwa na .pst za wote wawili zimefunguliwa, zivuteni kidogo kidogo kwenda kwenye folda za IMAP. Zitapanda kwenye seva. Ulizeni nafasi kabla, kwa sababu mkijaza seva mtaacha kupokea na tutarudi hapa hapa.

#4 MamaHesabu

Asante kwa uzi. Langu ni la Excel. Nilikusanya namba za NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) za wafanyakazi wa mkataba, nikabandika kwenye Excel kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp. Zote zimekuwa kitu kama 1.99E+19. Nikabadilisha muundo kuwa Number, zikarudi ndefu, lakini mwisho wa kila namba ni sifuri tano. Nikabadilisha kuwa Text, sifuri zipo palepale. Nifanyeje zirudi?

#5 FundiMezani

Dada, pole. Kwa faili hilo hazirudi, na nakuambia mapema ili usipoteze muda kuhangaika na fomula. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kwa hiyo sekunde ile ulipobandika, tarakimu tano za mwisho zilifutwa, hazikufichwa. Kubadilisha muundo baadaye ni kubadilisha namna ya kuonyesha kitu ambacho hakipo tena. Ctrl+Z nayo haizirudishi, inaondoa tu ulichobandika. Rudi kwenye ule ujumbe wa WhatsApp.

Safari hii chagua kolamu nzima kwanza, iweke Text, ndipo ubandike, na wakati wa kubandika chagua "Match Destination Formatting". Au acha vistari kati ya mafungu ya namba, kama vilivyo kwenye kitambulisho. Ikiwa na vistari Excel inaiona ni maandishi na haiigusi.

Wenzetu wa Rwanda, kitambulisho chenu kina tarakimu 16, mnapoteza ile moja ya mwisho, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu jicho halioni haraka. Namba ya malipo ya serikali huku Tanzania ina tarakimu 12: ile haipotezi kitu, inabadilika sura tu kuwa na E katikati, kwa sababu muundo wa General unaonyesha mpaka tarakimu 11. Panua kolamu, weka muundo wa Number bila desimali, itarudi nzima. Na namba za simu zinazoanza na 07 au 06 zinakatwa sifuri ya mbele. Hizo unaweza kuzirudisha kwa muundo maalumu wa sifuri kumi, 0000000000, ila ukizipeleka kwenye mfumo wa kutuma ujumbe zinaweza kutoka bila sifuri. Text ndiyo salama.

Msidhani ni sisi tu. Wanasayansi wa vinasaba waliona majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yakigeuzwa tarehe kwenye Excel, mpaka kamati inayosimamia majina hayo ikaamua kuyabadilisha; SEPT1 sasa ni SEPTIN1. Uingereza, Oktoba 2020, visa 15,841 vya korona havikuingia kwenye taarifa kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Faili la .xlsx linafika mistari 1,048,576. Kama ofisi yako bado inasevu kwa .xls kwa mazoea, acheni.

Mwenye Microsoft 365: tangu Oktoba 2023 kuna sehemu ya kuzima tabia hii. File, Options, Data, utaona "Automatic Data Conversion". Ondoa alama kwenye sifuri za mbele, namba ndefu, na herufi zinazogeuzwa tarehe. Ningependa kila mhasibu afanye hivyo leo.

#6 KijanaWaMoshi

Mkuu hapo kwenye tarehe. Nikipakua taarifa ya benki kwa CSV (faili la maandishi ambalo data imetenganishwa kwa mkato), tarehe za mwanzo wa mwezi zinageuka. Tarehe 5 Machi inakuwa 3 Mei. Ila kuanzia tarehe 13 ziko sawa. Usuluhishi wa benki haubalansi.

#7 FundiMezani

Kuanzia tarehe 13 haziko sawa pia, angalia vizuri. Zimelala upande wa kushoto wa seli, si ndiyo? Hayo ni maandishi, si tarehe. Kompyuta yako imewekwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia. 05/03 inasomeka mwezi wa tano siku ya tatu. 17/03 haisomeki kabisa kwa sababu hakuna mwezi wa 17, basi inaachwa kama maandishi. Ukipanga kwa tarehe unapata mchanganyiko, na jumla za mwezi zinatoka kombo.

Usijaribu kusahihisha faili lililokwisha kufunguliwa. Na kama umelisevu likiwa CSV, ujue umeshaandika makosa juu ya data halisi. Pakua upya kutoka benki. Kisha usilibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, "From Text/CSV", chagua faili, na pale juu kwenye "Data Type Detection" chagua "Do not detect data types". Kila kitu kinaingia kama maandishi. Halafu chagua kolamu ya tarehe, Data, "Text to Columns", na hatua ya tatu weka Date kwa DMY. Zote zitageuka tarehe za kweli.

Dawa ya kudumu ni Control Panel, Region, uchague Kiingereza cha Uingereza au mpangilio wa Tanzania au Kenya. Mashine nyingi tunazonunua zimetoka na mpangilio wa Marekani na hakuna anayeuangalia.

#8 Lushois

Bandugu, jambo sana toka Lubumbashi. Mimi kinyume: CSV yote inaingia kwenye kolamu moja, na fomula ninazoona kwenye mafunzo ya Kiingereza zinakataliwa. Windows yangu ni ya Kifaransa.

#9 FundiMezani

Karibu ndugu. Mpangilio wa Kifaransa unatumia mkato kwa desimali, kwa hiyo kitenganishi cha orodha kinakuwa nukta mkato. CSV iliyotengwa kwa mkato haigawanyiki. Tumia njia ile ile ya "From Text/CSV", kwenye menyu yako iko chini ya Données, na umwambie kitenganishi ni mkato. Kwenye fomula, weka nukta mkato mahali pa mkato, na jina la kazi liwe la Kifaransa: SUM ni SOMME, VLOOKUP ni RECHERCHEV. Faili zima likitoka kwa mwenzako wa Nairobi litajitafsiri lenyewe likifunguliwa. Kinachokataa ni ile fomula unayoiandika kwa mkono. Wa Bujumbura nao hili linawahusu.

#10 Kiongozi_Eldoret

Boss, hongera kwa uzi. Langu ni fupi. VLOOKUP (fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali) inanipa #N/A na jina naliona kabisa kwa macho yangu kwenye pande zote mbili. Pia kuna faili moja la mishahara ambalo nikibadilisha namba jumla haibadiliki.

#11 FundiMezani

La kwanza: kuna nafasi tupu nyuma ya jina upande mmoja. Jaribu LEN kwenye seli zote mbili, urefu utatofautiana. TRIM inaondoa nafasi za kawaida, lakini kama data imenakiliwa kutoka tovuti, nafasi yake ni ya aina nyingine, CHAR(160), na TRIM haiigusi. Andika =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")). Kama unatafuta namba, huenda upande mmoja ni namba na mwingine ni maandishi. Pembetatu ya kijani kwenye kona ya seli itakuonyesha.

La pili: Formulas, Calculation Options, rudisha Automatic. Iko Manual. Utajiuliza nani aliibadilisha. Excel inachukua mpangilio huo kwenye faili la kwanza ulilofungua siku hiyo na kuyapa mafaili mengine yote. Kwa hiyo faili moja lililosevuliwa likiwa Manual, ukianza nalo asubuhi, linaambukiza yote mpaka ufunge Excel. Ukiyasevu hayo mengine, nayo yanaondoka na Manual. Kwenye mishahara hili ni hatari kubwa; gonga F9 kabla ya kuchapisha chochote.

#12 PrintaNaKaratasi

Niongezee jambo wakuu, maana nalikuta kwenye ofisi nyingi ninazohudumia. Word au Excel ikichelewa sana kufunguka, angalieni printa. Hizi programu huiuliza printa iliyowekwa kuwa ya kawaida ili zijue ukubwa wa karatasi na kingo zake. Kama printa hiyo ni ya mtandao na imezimwa, au ni ya ofisi ya zamani, programu inasubiri jibu lisilokuja. Weka "Microsoft Print to PDF" iwe ya kawaida, ujaribu tena. Ikifunguka haraka umeshapata mchawi. Na muondoe alama kwenye "Let Windows manage my default printer".

#13 FundiMezani

Asante sana mkuu, hiyo ni dhahabu. Kama si printa, hatua inayofuata ni kufungua kwa hali salama: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winword /safe, au excel /safe, au outlook /safe. Ikifunguka vizuri hivyo, tatizo ni vipachiko vilivyoongezwa na programu nyingine. File, Options, Add-ins, chini kabisa chagua COM Add-ins, Go, ondoa alama zote, kisha rudisha kimoja kimoja. Kwa Word peke yake, kuna faili la Normal.dotm kwenye %appdata%\Microsoft\Templates; likiharibika Word inaleta vituko. Libadilishe jina, litatengenezwa jipya.

#14 Katibu_Tanga

Shikamoo kaka na wote. Bosi wangu amefungua kiambatisho cha Word kutoka kwenye barua pepe moja kwa moja, akafanya kazi mchana kutwa, akasevu, akafunga. Akifungua kiambatisho tena ni kile cha zamani. Ana kikao kesho.

#15 FundiMezani

Marahaba. Zuia mtu yeyote asifanye usafi wa diski kwenye mashine hiyo. Bonyeza Windows na R, bandika hii:

%localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook

Ndani kuna folda yenye jina la herufi zisizo na maana. Ingia, panga kwa tarehe. Kiambatisho kikisevuliwa bila kuchagua mahali, mara nyingi ndipo kinapobaki. Ukikipata, kinakili kwenye Documents mara moja. Usipokiona, fungua Word, angalia kwenye Recent. Njia ya faili imeandikwa chini ya jina. Bado? File, Info, Manage Document, "Recover Unsaved Documents". Word hujitunzia kumbukumbu kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa.

Na mwambie bosi kwa heshima zote: kiambatisho kwanza kisevu kwenye folda, ndipo ukifungue.

#16 Katibu_Tanga

Kipo! Kwenye Content.Outlook kama ulivyosema, cha saa tisa alasiri. Mungu akubariki kaka.

#17 DukaLaVipuri

Wakuu, mimi barua za muuzaji wangu mmoja tu ndizo hazionekani. Wengine wote zinaingia. Yeye anasema anatuma, na hata kwenye taka hazipo.

#18 FundiMezani

Ndugu, wewe acha kazi nyingine ushughulikie hili sasa hivi. Ingia kwenye tovuti ya barua pepe, si Outlook. Fungua mipangilio, sehemu ya Rules, na sehemu ya Forwarding. Tafuta kanuni usiyoitambua, yenye jina la muuzaji wako au maneno kama invoice, payment, bank. Kisha tazama folda ambazo hufungui kamwe, hasa "RSS Feeds" na Archive.

Wezi wanaopata neno la siri hawabadilishi kitu cha kukushtua. Wanaweka kanuni inayohamisha barua za muuzaji zisionekane, wanazisoma, kisha wanakuandikia kama wao ndio muuzaji, na akaunti mpya ya benki. Inatokea kila mahali duniani na biashara ndogo zinaumia sana.

Ukikuta kanuni hiyo: piga picha ya kioo, ifute, badilisha neno la siri, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyo kwenye barua, na usilipe ankara yoyote mpaka amekuthibitishia akaunti kwa sauti. Kama kuna malipo yalishaenda, nenda benki leo hii na kisha polisi.

Usipokuta kanuni yoyote, angalia orodha ya waliozuiwa, halafu mwambie muuzaji akutumie ujumbe wa kosa anaorudishiwa, kama upo.

#19 DukaLaVipuri

Nimeikuta. Ilikuwa inapeleka kwenye RSS Feeds. Kuna barua tatu humo za mwezi huu. Hakuna malipo yaliyotoka, ankara ilikuwa iende Ijumaa. Nimeshampigia.

#20 FundiMezani

Alhamdulillahi. Kagua pia barua za wafanyakazi wenzako wote, kwa sababu mwizi akiingia kwa mmoja huwatumia wengine kiungo kwa jina lake.

#21 KaraniMwanza

Mrejesho: tumehamia IMAP, wote tunaona kitu kimoja. Swali dogo: kuna barua imeng'ang'ania Outbox, ina picha za mkutano.

#22 FundiMezani

Safi sana. Hiyo ni uzito. Outlook kwa akaunti za kawaida inaweka kikomo cha MB 20, Gmail MB 25, na faili likifungwa kwa ajili ya kusafiri linaongezeka kama theluthi moja, kwa hiyo picha za MB 15 zinakuwa MB 20. Nenda Send/Receive, bofya "Work Offline", buruta barua kutoka Outbox kwenda Drafts, ondoa picha, rudisha mtandaoni. Picha zipeleke kwa kiungo cha Drive au OneDrive.

#23 MamaHesabu

Nimerudi. Nimebandika upya kwenye kolamu ya Text, tarakimu zote 20 zipo. Ila mwezi ujao faili hili litajazwa na wasimamizi wa vituo, na najua mmoja atabandika vibaya. Naweza kuizuia Excel isikubali namba pungufu?

#24 FundiMezani

Inawezekana kwa sehemu. Chagua kolamu ikiwa tayari ni Text, Data, Data Validation, Allow weka "Text Length", equal to, 20. Anayeandika kwa mkono tarakimu 19 atakataliwa. Lakini anayebandika anapita, kwa sababu kubandika hakupimwi na Validation, na huenda kukafuta kanuni yenyewe. Kwa hiyo faili likirudi kwako, weka kolamu ya pembeni yenye =IF(AND(LEN(B2)=20,RIGHT(B2,5)<>"00000"),"sawa","rudisha") na uivute mpaka chini. Zenye "rudisha" zirudi kwa msimamizi aliyezijaza, akupigie picha ya kitambulisho chenyewe.